Mwamba Usioonwa na Wenyewe

Mkoa wa Singida hauna bahari, na ukiwauliza wengi wetu tuliozaliwa huku watakwambia kwamba hauna hata njia ya maji ya kuifikia. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Maziwa ya Singidani na Kindai, yaliyo ubavuni mwa mji, hayana mto wa kutokea; maji huingia wakati wa mvua, hukaa, hupungua kwa jua na upepo, na nyuma yake huacha chumvi. Maji ya Wembere na Ziwa Kitangiri kule Iramba nayo huteremka kuelekea Eyasi, na huko ndiko yanakokomea. Lakini kusini, katika Wilaya ya Manyoni, upo mto Kizigo. Huo haukomei njiani. Huingia Mtera, ukachanganyika na Ruaha Mkuu, ukapita Kidatu, ukaungana na Rufiji, na siku hizi hulazimika kulipitia bwawa la Julius Nyerere kabla ya kutawanyika katika delta. Ng'ambo ya delta hiyo ndipo kilipo Kisiwa cha Mafia. Tone la mvua lililoangukia Manyoni, likinusurika na jua, na ng'ombe, na mashamba ya mpunga, na mabwawa matatu, mwisho wa safari yake ni Mafia.

Februari mwaka huu nililifuata tone hilo, mimi kwa barabara na lenyewe kwa mto. Sababu yangu ilikuwa ya kikazi kuliko ya kimatembezi. Kwa miaka kadhaa sasa msamiati wa siasa zetu umepata neno jipya, uchumi wa buluu. Zanzibar imeliundia wizara, Bara tunalitia katika hotuba za bajeti, na wanafunzi wangu huliandika katika tasnifu kwa wepesi wa mtu anayeandika jina la mtaa wake. Nikaona ni vyema kwenda kuutazama huo ubuluu kwa macho, na kuutazama kutokea ndani.

Neno lenyewe lilinipa taabu kidogo. Kwa vijana wa mjini, kuzamia ni kujificha melini ukaibukie Durban au Ugiriki bila hati. Nilipompigia simu ndugu yangu wa Singida mjini na kumwambia kwamba mwezi ujao nitakuwa Mafia nikizamia, alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole kama chuo kimeacha kutulipa mishahara.

Nilivuka kwa boti kutoka Nyamisati. Ninamshauri kila mwenye nafasi apite njia hiyo walau mara moja, badala ya ndege, kwa kuwa ndege haikuonyeshi jambo la muhimu kuliko yote, yaani rangi za maji. Unatoka katikati ya mikoko, ambayo delta ya Rufiji inayo mingi kuliko mahali pengine popote katika pwani ya Afrika Mashariki, na maji ni ya rangi ya udongo. Baadaye yanakuwa ya kijani. Hata ufikapo Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa, hayajawa maangavu bado, na si bure: virutubisho vya mto huchangia kulisha viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na viumbe hao ndio chakula cha papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, ambaye huonekana hapo kati ya Oktoba na Machi. Miamba ya matumbawe haipendi tope. Yenyewe imejijenga upande wa pili, mashariki, katika Ghuba ya Chole na nje yake, mahali ambapo bahari kuu huingia kwa nguvu kupitia mlango wa Kinasi.

Kuogelea nilijifunza ukubwani. Utotoni kwetu ziwa lilikuwa kitu cha kutazamwa na kuogopwa. Aliyeingia alikuwa mvuvi wa perege au mtukutu. Kwa hiyo mafunzo ya kuzamia yalinichukua siku nyingi kuliko wenzangu, na sina haja ya kuyasimulia yote. Kanuni kuu ni moja, na inatokana na fizikia ya kidato cha pili. Kila mita kumi za maji huongeza mkandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwenye mita 10 mkandamizo ni maradufu ya ule wa nchi kavu. Kwenye mita 18, kina ambacho mwanagenzi haruhusiwi kukipita, unakaribia mara tatu. Hewa ya mtungini unaivuta ikiwa imekandamizwa kiasi hicho hicho. Ukipanda kwa pupa huku umebana pumzi, inatanuka ndani ya mapafu na kuyapasua. Ndiyo maana jambo la kwanza unalofundishwa ni kutobana pumzi kamwe, na la pili ni kupanda polepole, ukisimama kwenye mita tano kwa dakika tatu ili naitrojeni itoke damuni kwa utaratibu.

Asubuhi ya kwenda Kinasi tulikuwa wageni wanane ndani ya mashua. Watanzania tulikuwa wanne: nahodha, kiongozi wa wazamiaji, kijana wa kubeba mitungi, na mimi. Mgeni mmoja kutoka Ulaya aliniomba, kwa adabu kabisa, nimsogezee mtungi wake. Nikamsogezea. Kisha nikavaa wa kwangu, naye akatahayari hata nikamwonea huruma, kwa sababu kosa halikuwa lake peke yake. Alikuwa amehesabu kwa uzoefu: katika safari zote alizowahi kufanya kwenye pwani yetu, hakuwahi kumwona mwenyeji akishuka majini kama mgeni. Bei iliyobandikwa ofisini kwa wenye mashua, kwa dola, ilikuwa imemalizia hesabu hiyo kabla yake.

Tulisubiri maji yaanze kujaa. Wakati huo bahari kuu husukuma maji safi kuingia ghubani, na mkondo humbeba mzamiaji kama abiria. Tulijitupa kinyumenyume, tukashuka. Nitasema machache juu ya nilichokiona, kwa kuwa picha za matumbawe zimejaa kila mahali na zote hunadi. Zisichokuonyesha ni kwamba rangi hufa kwa zamu. Nyekundu ndiyo hutangulia. Ufikapo mita kumi, mkanda mwekundu wa saa yangu ulikuwa umegeuka wa kahawia iliyofifia, na mwamba wote ulionekana wa buluu na kijivu. Matumbawe ni wanyama, ingawa hukaa mahali pamoja kama mimea, na kila mmoja amewapangisha ndani ya mwili wake vijimea vidogo mno vinavyomlisha kwa mwanga wa jua. Maji yakipata joto la nyuzi moja tu zaidi ya kawaida ya kiangazi, yakakaa hivyo wiki kadhaa, mpangaji hufukuzwa, tumbawe likawa jeupe, na joto lisipopungua mapema likafa. Mwaka 1998, mwaka wa El Niño, sehemu kubwa ya matumbawe ya Mafia ilikufa namna hiyo. Nilikuwa nikiisoma habari hiyo kama takwimu. Kule chini niliiona kama magofu ambayo juu yake watu wengine wamejenga upya.

Kwenye mita 16 ukuta wa mwamba ulikuwa na pango. Kiongozi alinizuia kuingia. Alinionyesha kwa kidole juu, maana yake kwamba mwenye paa juu ya kichwa hana njia ya kupanda likitokea lolote. Nikabaki mlangoni, akawasha tochi. Palepale rangi zikarudi. Dari lote lilikuwa jekundu na la machungwa, limefunikwa na sponji, na chini yake kambakoche watatu walikuwa wamejibanza ukutani, antena zao nje. Nyuma yao, katika giza ambalo tochi haikulimaliza, alikuwapo chewa mkubwa akitutazama bila wasiwasi wowote. Wekundu ule ulikuwapo siku zote. Pango lile liko mwendo wa nusu saa kwa mashua kutoka vijiji ambavyo watu wake wamevua juu yake tangu enzi za Kua, mji wa Juani ulioangamizwa na wavamizi kutoka Madagascar mwanzoni mwa karne ya 19.

Tulipoendelea na mkondo, ukuta ukaisha na kifusi kikaanza. Vipande vya matumbawe vilivyovunjika, saizi ya vidole, vimetandazwa katika shimo la duara kama uwanja wa kupepetea. Kiongozi alikunja ngumi zote mbili, kisha akazifumbua kwa ghafla. Baruti. Aliniambia baadaye kwamba shimo lile alilikuta alipoanza kazi. Kifusi hakiponi kwa urahisi kwa sababu vipande hubingirika kila mkondo upitapo, na tumbawe changa haliwezi kushika mizizi juu ya jiwe linalotembea.

Hapa nina neno na wenzangu wa Singida. Sisi ni watu wa migodi. Sekenke, kule Iramba, dhahabu imechimbwa tangu utawala wa Wajerumani. Kwetu baruti ni chombo halali cha kazi, chenye leseni na daftari la stoo. Baruti haitengenezwi kwa ajili ya samaki. Ile iliyolipuliwa pwani kwa miongo kadhaa, ingawa uvuvi huo umepigwa marufuku tangu 1970, kwa kiasi kikubwa ilikuwa imetoroka migodini, kwenye machimbo ya mawe na kwenye kazi za barabara, kisha ikasafirishwa na mtu, ikapita vizuizi, ikauzwa. Milipuko ilipungua sana baada ya serikali, kuanzia 2015, kuacha kulitazama jambo hilo kama la maofisa uvuvi peke yao na kuunda kikosi kilichojumuisha polisi na idara nyingine. Yaani ulinzi wa mwamba wa Mafia ulianza kufaulu pale ulipoanzia mbali na Mafia.

Siku mbili baadaye kiongozi wetu, ambaye ni kijana wa Chole, alinivusha kwenda Jibondo. Ni kisiwa kidogo cha mawe, cha mafundi wa mashua na wavuvi hodari, chenye shida ya maji ya kunywa ambayo mtu wa Singida anaitambua bila kuambiwa: ndoo zilizopangwa, tangi la mvua linalotazamwa kuliko saa. Akanipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu kivulini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mwalimu. Nimeambiwa umeshuka Kinasi."

"Nimeshuka."

"Haya, nieleze. Kuna nini?"

Nilidhani ananipima. Hakuwa akinipima. Mzee yule amevua pale zaidi ya miaka arobaini, anaupata mwamba kwa kulinganisha mbuyu na rasi, usiku na mchana, na hajapata kuuona hata siku moja. "Sisi tunaujua kwa mshipi," aliniambia, akinyoosha kidole cha shahada kilichokatwakatwa na nailoni. "Ukigusa mwamba ulio hai, mkono unaambiwa. Ukigusa kifusi, mkono unaambiwa pia." Kwa hiyo mimi, mtoto wa nchi kavu, nilikaa juu ya gogo nikamsimulia mvuvi wa Jibondo mwamba wake mwenyewe: ukuta, mkondo, pango, dari jekundu. Nilipofika kwa chewa aliniuliza ukubwa wake. Nikapanua mikono. Akacheka, akasema huyo ni mtoto. Wa zamani walikuwa wakikata mishipi minene kama hii, na walikuwa wengi pangoni humo, maana walivutwa kutoka hapo mmoja mmoja. Kumbe pango alilijua. Hakuwa na sura yake tu.

Kisha akasema jambo ambalo sijaacha kulifikiri. "Walipokuja kuweka mipaka walituambia msivue hapa. Hawakutuambia pana nini."

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, kilomita za mraba 822, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Sheria yenyewe inataka wanavijiji washirikishwe tangu kupanga hadi kusimamia. Mwanaanthropolojia Christine Walley, aliyeishi Chole wakati hifadhi ikizaliwa, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2004, Rough Waters, jinsi wakazi wengi walivyoiunga mkono mwanzoni. Walitaka serikali iwasaidie kuwafukuza wavuvi wa baruti waliotoka nje. Baadaye wengi walivunjika moyo, walipoona kwamba ulinzi umegeuka na kuwatazama wao. Nimesoma kitabu hicho mara mbili na kukifundisha. Lakini maneno ya mzee yalinionyesha tabaka la chini zaidi la ugomvi huo. Tumemtaka mtu aache mlo wa leo kwa ajili ya kitu ambacho hatujawahi kumwonyesha, huku tukiwauzia wengine tiketi ya kukitazama. Hata mtu mwema angeanza kushuku kwamba kilichofichwa chini ni hazina ya wenyewe, na wenyewe si yeye.

Mara nyingine wavuvi ndio waliouonyesha ulimwengu kitu, na mambo yakaishia pale pale. Mwaka 2003 nyavu za pwani yetu zilianza kuleta silikanti, samaki ambaye wanasayansi walimhesabu kuwa alitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mchana hujificha katika mapango ya kina kirefu, zaidi ya mita mia moja, mahali ambapo mzamiaji wa aina yangu hathubutu kuota. Wengi waliopatikana walitoka Tanga, katika majarife ya kuvulia papa, na hifadhi ya silikanti ikatangazwa huko mwaka 2009. Aliyemtoa silikanti pangoni ni mvuvi. Hifadhi ilipotangazwa, mvuvi huyo aligeuka kuwa tatizo la kudhibitiwa.

Nitaambiwa, na nimekwisha kuambiwa na mwenzangu wa idara, kwamba watu wanataka visima na zahanati, si utalii wa chini ya maji. Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Mimi ni mtu wa mkoa wenye kiu. Lakini haihitajiki mitungi wala cheti ili kuuona mwamba wa maji mafupi. Inahitajika miwani ya kuzamia, mpira wa kupumulia, na mtu wa kukushika mkono. Kule Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja ambacho mwamba wake umehifadhiwa tangu 1994, watoto wa shule hupelekwa bila malipo kwa fedha zinazotokana na wageni wanaolala kisiwani. Wavuvi wa zamani walifundishwa kuwa walinzi na viongozi. Wasichana waliokulia hatua chache kutoka baharini, ambao mila haikuwazoesha kuogelea, wanavalishwa majaketi ya kuelea na kuinamisha uso majini kwa mara ya kwanza. Jambo hilo limefanyika kwa miongo kadhaa, na halikuufilisi mradi. Sioni sababu kwa nini sehemu ya viingilio vinavyokusanywa Mafia isiwanunulie shule za Jibondo, Juani na Chole miwani mia moja. Na madiwani nao waingie majini, kabla ya kupitisha mpaka mwingine wowote.

Kwa bwawa la Julius Nyerere swali linapanda juu ya mto. Lilianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wake wa kwanza ukawashwa Februari 2024. Umeme wake, megawati 2,115, tunauhitaji, na sitajifanya kuukataa huku nikiandika makala haya kwa kompyuta. Ila mikoko ya delta hujengwa na tope, kamba hukulia katika mikoko, na bwawa hukamata tope. Uamuzi wa kufungulia maji kiasi gani, mwezi gani, hufanywa mbali na wanaovua kamba, na mbali zaidi na wanaokata miti Manyoni. Ukataji wa miti huku hupeleka udongo mwingi Mtera na maji machache kwingine kote. Hatua zote hizo ni za mto mmoja, na kila mmoja wetu anaona kipande chake.

Niliporudi nilikwenda Manyoni, kwenye kijiji kimoja cha wafuga nyuki upande wa Kizigo, nikaomba nafasi mwishoni mwa mkutano wao. Nilikuwa na dakika nne za video kwenye simu, zikapitishwa mkono kwa mkono. Vijana walimpenda kasa. Bibi mmoja aliirudisha video mara mbili pale penye dari jekundu, kisha akaniuliza, "Na maji yetu, mwanangu, yanafika huko yakiwa matamu au yamekwisha kuwa ya chumvi?"

Nikamweleza kwamba ni matamu mpaka karibu na mdomo wa mto, kisha yanaonja chumvi. Akauliza kama watu wa huko wanajua yanatoka wapi. Nikamwambia mzee mmoja wa Jibondo anajua, maana nilimchorea mchangani njia yote, kuanzia Manyoni, Mtera, Kidatu, hadi Rufiji. Bibi akataka kusikia alisema nini. Alikuwa ameniuliza kama mwaka huu huku mvua imenyesha.